Niliandika Malaria

Kuna mzungu mmoja aliyekufa kabla babu yangu hajaota ndevu, na mzungu huyo alinitesa miaka minne mizima. Alikuwa Mmarekani, mwandishi wa riwaya. Hakuna aliyenishikia fimbo nimchague. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa sekondari mjini Kisumu, nimepanga nyumba Nyamasaria, na nilikuwa nimejiandikisha kusomea shahada ya pili kule Maseno. Wenzangu walichagua nyimbo za harusi na ngano za wavuvi, vitu ambavyo mtu angeweza kwenda kumuuliza shangazi yake. Mimi nikajifanya mjanja. Nikataka kitu cha mbali, kitakachowafanya watu waulize, "Na huyo ni nani?" Basi waliuliza, tena waliuliza mpaka nikajuta.

Alikuwa wa kundi la waandishi walioamini kwamba binadamu hajiendeshi. Njaa inamsukuma, damu aliyorithi inamsukuma, mji unamsukuma, na yeye anadhani anatembea. Kazi ya mwandishi, walisema, ni kutazama na kuandika alichokiona, kama daktari anavyoandika kwenye kadi ya mgonjwa, bila kuhubiri na bila kufunika. Huyu wangu alikuwa mtoto wa fundi viatu. Aliajiriwa na gazeti, akawa anatumwa kwenye mioto na mahakamani. Alipotaka kuandika riwaya ya wachimba chumvi alihamia kwenye bweni lao, akala chakula chao majira mazima ya baridi, daftari mfukoni. Kitabu kilipotoka, wauza vitabu walikificha chini ya meza kwa sababu kilisema wazi jinsi wale watu walivyoishi na jinsi walivyokufa. Nilimpenda kwa hilo. Nilikuwa na hasira na mambo mengi siku zile, na hapa palikuwa na mtu aliyeyasema mambo bila kuyapindisha.

Shida ilikuwa maisha yake. Maktaba ilikuwa na kitabu kimoja tu juu yake, na kitabu chenyewe kiliandikwa na mjane wake. Ala! Ukikisoma ungedhani alikuwa askofu. Alipenda maua, alipenda watoto wa jirani, hakuwahi kuinua sauti. Mwishoni mjane anasema mumewe "alipumzika baada ya homa fupi". Miezi kadhaa baadaye nikapata, ndani ya jarida la zamani lililoliwa na mende, barua ya daktari aliyekuwa rafiki yake. Daktari alisema homa haikuwa fupi. Mtu yule alikuwa ameugua miaka kumi ugonjwa ambao wanaume wa zama zile walioupata kwa wanawake hawakuutaja hata kwa ndugu zao.

Nilipandwa na hasira. Nikaandika sura nzima dhidi ya yule mama. Nilisema amemuua mumewe mara ya pili. Nilisema mtu aliyetumia maisha yake kufunua amezikwa na blanketi usoni. Msimamizi wangu, mama mmoja mkali ambaye kalamu yake nyekundu ilikuwa haijawahi kuniacha salama, aliirudisha sura ile na maneno mawili tu pembeni: "Sasa umeanza." Nilitembea siku hiyo nikiwa nimevimba kichwa.

Lakini nyumbani mambo yalikuwa mengine. Nyumbani kwetu ni mwendo wa mguu kutoka Dunga, pale ufukoni mwa ziwa, na mama yangu alikuwa ameulizwa kanisani mtoto wake anasomea nini. Naye akajibu vile alivyoelewa: "Anasomea kuandika maisha ya mtu aliyekufa." Haki ya Mungu, hakukosea. Ila kwetu maisha ya mtu aliyekufa ni kitu kinachojulikana. Ni ile karatasi inayosomwa mazishini, historia ya marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliacha watoto wangapi, aliuguaje. Watu wakaelewa kwamba chuo kikuu sasa kinatoa shahada ya kazi hiyo na kwamba mtoto wa mama fulani yuko karibu kuipata.

Yawa! Hawakuniacha nipumue. Ijumaa jioni nikitoka shuleni nakuta mtu amekaa kwenye kizingiti changu Nyamasaria, kofia mkononi. "Mwalimu, tumepotelewa." Na mimi naweka Mmarekani pembeni, nachukua kalamu. Niliandika historia ya fundi cherehani, ya karani, ya wasichana wawili wa nyumba moja waliofuatana. Miaka ile tulikuwa tukizika kila Jumamosi, na Jumamosi nyingine kulikuwa na makaburi mawili ikabidi ukoo ugawanyike. Wote walikuwa vijana. Wote, kwenye karatasi yangu, waliugua kwa muda mfupi. Ilikuwa kifua, ilikuwa tumbo, ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Sisi tulijua. Kila mtu aliyekaa chini ya turubai alijua, na aliposikia neno "malaria" alitazama viatu vyake.

Nililalamika kwa mama. Nilimwambia mimi si karani wa makaburi, kwamba nina tarehe ya kuwasilisha tasnifu na nimeshaomba kusogezewa mara mbili. Mama aliendelea kuchambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo.

"Na huyo mzungu wako," akasema, "aliacha mke?"

"Aliacha."

"Akarithiwa na nani?"

"Hakurithiwa, mama. Kule ndugu wa marehemu hawarithi mjane. Aliishi tu."

Mama akasikitika kwa dhati, akatikisa kichwa. Lakini mke wa kaka yangu, aliyekuwa akisugua sufuria karibu na hapo, aliacha kusugua.

"Aliishi peke yake? Hakuna aliyeletwa?"

"Peke yake. Akaandika kitabu. Kitabu cha uongo, lakini akakiandika."

"Kumbe inawezekana," akasema, akaendelea na sufuria yake.

Sikumwelewa siku ile. Kaka alikuwa ameanza kukonda. Alikuwa fundi wa injini za meli hapo gatini, mtu wa mabega, anayecheka kwa sauti kubwa, na sasa surwali zake alikuwa anazifunga kwa kamba. Wiki chache baadaye aliniita hospitalini, tukakaa watatu kwenye benchi nje ya wodi, yeye, mkewe na mimi. Akasema amepimwa na amekutwa nao. Aliutaja kwa jina lake la kwetu, ayaki, yaani ukimwi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la mkwewe. Kisha akasema, "Sasa mnajua wawili." Mkewe alikuwa ameshika mfuko wake wa machungwa. Nilitaka kusema kitu cha maana, mimi mwenye shahada, nikaishia kumenya chungwa.

Alikufa wakati shule zimefungwa. Kwa hiyo sikuwa na kisingizio hata kidogo. Siku moja kabla ya mazishi niliwekewa kigoda nyuma ya jiko la mama, karatasi juu ya goti, niandike. Ndipo shemeji alipokuja. Hakuwa amelala kwa siku nne na macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Shemeji, unaandika nini?"

"Naandika alivyozaliwa."

"Na alivyokufa?"

Nikaikunja pembe ya karatasi.

"Andika ukweli," akasema. "Nakuomba. Kitu kingine sitakuomba. Wazee wameshaanza kuhesabu nani ataletwa nyumbani kwangu. Mimi, kama ninao, sitaki kumpa mtu. Na kama sina, sitaki kuletewa. Nataka waniache nilee watoto wangu."

"Si ungewaambia mwenyewe?"

"Nimewaambia! Nimemwambia baba mkubwa, nimemwambia na mkewe. Wamesema ni uchungu unanisemesha, na kwamba mwanamke anayekimbia mila anaweza kusema chochote. Lakini likisomwa na wewe, mwalimu, ndugu yake wa toka nitoke, mbele ya kanisa na ukoo mzima, basi limekwisha. Hakuna mwanamume atakayesogea." Akainama akashika ile karatasi kwa kidole kimoja. "Si kila siku unatuambia huyo Mmarekani wako aliandika alichokiona? Na wewe umeona."

Nikamwambia nitaandika. Nilimaanisha. Niliandika palepale, yeye akiwa amesimama, sentensi moja yenye jina la ugonjwa ndani yake. Akasoma, akafuta uso kwa khanga, akaenda zake.

Mama hakukawia. Sijui nani alimwambia, pengine alinisoma usoni tu. Alisimama mbele yangu, akanyoosha mkono, nami nikampa karatasi kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakujua kusoma vizuri, lakini lile neno alilitambua. Siku zile lilikuwa limeandikwa kila mahali kwenye kuta za zahanati.

"Nyathina," akasema, mwanangu, na hapo nilijua nimekwisha. "Nimezaa tisa, nimebaki na wewe na dada zako wawili. Wengine niliwazika kwa heshima. Neno hili halitasomwa kwenye boma langu. Ukilisoma, nichimbieni na kaburi langu hapo kando."

"Mama, huyo mama wa watoto ataletewa mtu. Huyo mtu atakufa."

"Mungu ndiye anajua nani atakufa."

"Na mimi najua! Kaka aliniambia mwenyewe!"

"Basi ujue wewe na unyamaze." Machozi yalikuwa yanamtoka ila uso haukusogea. "Unataka watoto wake wachekwe shuleni? Unataka mimi nikienda kuteka maji wanipishe njia?"

Nitasema nilichofanya, maana sina mtu mwingine wa kumtupia. Nilichana karatasi ile, nikaandika nyingine. Niliandika kwamba marehemu alipatwa na malaria kali iliyopanda kichwani na kwamba madaktari walijitahidi. Nikaipeleka shuleni kwa karani wetu, akaichapa kwenye stensili, tukatoa nakala nyingi na picha ya msalaba juu. Na njia nzima ya kurudi nilikuwa najieleza. Nilijiambia nimesukumwa. Mama alinisukuma, kanisa lilinisukuma, ukoo ulinisukuma, umaskini wa kijiji kizima ulikuwa mgongoni kwangu, na mtu aliye katikati ya nguvu kubwa hivyo hana hiari. Nilikuwa nimesoma miaka minne kuhusu watu wasio na hiari. Elimu yote ile, na kazi ya kwanza niliyoipa ilikuwa kunitetea.

Niliisoma mwenyewe. Jua lilikuwa kali, kipaza sauti kinapiga mluzi, watu wamejaa mpaka barabarani. Nilisoma vizuri, wacha niseme, nina sauti ya darasani. Nilipofika kwenye ugonjwa sikutaka kutazama alipoketi shemeji, lakini nikatazama. Alikuwa juu ya mkeka na gauni lake jeusi, watoto wamemwegemea. Hakulia wala hakutikisa kichwa. Alinitazama tu, nikapoteza mstari, nikarudia sentensi nzima ya malaria tangu mwanzo. Kwa hiyo waliisikia mara mbili. Watu wakasema amina. Baadaye nakala zikagombaniwa kama mkate.

Miezi michache baadaye nilitetea tasnifu yangu. Watahini walikaa watatu, na mmoja wao, mzee mwenye miwani minene, aliisifu sura ya mjane. Alitaka kujua kama sikuwa mkali mno kwa mwanamke aliyefiwa. "Pengine alikuwa analinda watoto," akasema. Nikajibu kwamba mwandishi wa maisha ya mtu hana ruhusa ya kulinda. Nililisema hilo nikiwa nimevaa tai. Nikapita. Msimamizi akanishika mkono kwa mara ya kwanza tangu tujuane, nami nikatamani aniulize swali jingine lolote kuliko kunipongeza.

Juma hilohilo mama akanipa habari kana kwamba ananipa zawadi ya kufaulu. Wazee walikuwa wamemaliza. Kwa mila, wa kwanza kuulizwa kuhusu mke wa kaka nilikuwa mimi, nami nilishasema nina mke wa ndoa ya kanisani, isiyoruhusu wa pili, wakaniachilia. Sasa amepatikana binamu yangu, mtoto wa baba mkubwa, mchuuzi wa samaki Dunga. Alikuwa mtu mwema, ndiyo maana iliniuma zaidi. Ni yeye aliyeongoza kuchimba kaburi la kaka, ni yeye aliyetengeneza paa la shemeji mvua zilipoanza. Angeingia nyumbani kwa shemeji Jumapili ile.

Nikasema, hapana, hapa sinyamazi. Alhamisi nikateremka Dunga. Gugumaji lilikuwa limeziba ufuo siku hizo, mitumbwi inasukumwa kwa miti na matusi. Nilimkuta binamu anapanga samaki, ngege wakubwa, kwenye beseni, gumbuti mpaka magotini. Alinipigia kelele za furaha kutoka mbali.

"Omera, ndugu yangu! Profesa!"

Nikamvuta pembeni, nyuma ya mizani ya samaki, nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema kaka hakufa kwa malaria. Nilitaja ugonjwa kwa jina lake, nikasema aliniambia kwa mdomo wake, nikasema shemeji anajua na hataki mtu. Nilisema asiingie ile nyumba.

Alinitazama juu mpaka chini. Kwanza alicheka, halafu akaacha kucheka, kisha akafanya uso wa mtu anayemhurumia mwenzake.

"Ndugu yangu," akasema taratibu, "ungesema tu. Mbele ya wazee ulikataa. Sasa umeona napewa mimi, roho imebadilika. Si dhambi. Mwanamke ni mzuri. Lakini ungesema."

"Simtaki! Nimekuambia ana—"

"Ngoja." Alijipangusa mikono kwenye shati, akaingiza vidole mfuko wa kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyolainika kwa jasho na magamba ya samaki. Ilikuwa na msalaba juu. "Hii ni yako ama si yako?"

"Ni yangu."

"Mimi niliogopa, omera. Watu walikuwa wanaongea, usione nanyamaza. Nilisema sitaingia mle, hata wazee wanilaani. Halafu siku ile nikakusikia. Tena ulirudia mara mbili. Nikasema, mwalimu hawezi kusimama kwenye kaburi la ndugu yake, mama yake yupo, pasta yupo, akasema uongo. Nikaichukua karatasi nikaiweka hapa. Kila nikipata hofu naisoma."

"Nilidanganya," nikasema. "Nakuambia nilidanganya!"

"Ulidanganya ukiwa huna unachotaka," akasema, "na leo ukiwa unataka ndio unasema ukweli?"

Watu walikuwa wameanza kutusogelea kusikiliza, na mimi, Mungu anisamehe, nilipowaona nikashusha sauti. Binamu akaikunja karatasi yake, akairudisha mfukoni, akanipa ngege wawili wa mama bila kinyongo chochote.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nilimwahi shemeji nyumbani kwake. Alikuwa amefagia ua. Nikasimama mlangoni nikamwambia nimekwenda Dunga na nimesema kila kitu, jina la ugonjwa pamoja.

"Ulimwambia mbele ya nani?"

"Yeye na mimi tu. Nyuma ya mizani."

Hakukasirika, na ningetamani angekasirika, angenitupia hata ule ufagio.

"Mbele ya watu wote ulisema malaria," akasema. "Nyuma ya mizani ndipo ulisema ukweli."

Tukasikia mtu anapiga hodi getini, sauti ya uchangamfu, na watoto wa kaka wakatoka mbio kumpokea mizigo. Shemeji akajifunga leso upya.

"Nipishe, shemeji," akaniambia. "Mgeni wako amefika."